Bweni, kituo au hema: kikosi kipi cha kazi za mazingira kinakufaa Marekani?

Picha ilikuwa kwenye simu ya binti wa miaka 19: vijana kumi na wawili wamevaa helmeti na mashati ya manjano yaliyokolea vumbi, kila mmoja ameshika kifaa chenye mpini mrefu. Mama yake aliitazama, akairudisha simu mezani, akageukia sufuria yake ya sombe. "Ile ni jeshi," akasema. "Tulikimbia jeshi Uvira. Sasa we unalifuata huku?"

"Shangazi, hebu mwambie," binti akanigeukia.

Sikumlaumu mama. Jina la Kiingereza la vikosi hivi, corps, linafanana na la kijeshi, sare zipo, watu wanaamka alfajiri, na kiongozi akisema twende, mnakwenda. Mtanzania ukimwambia ni kama JKT pasipo bunduki, au Mkenya ukimwambia ni NYS ya misituni, anakuelewa mara moja. Chimbuko lake ni mwaka 1933, ajira zilipokuwa zimekauka Marekani nzima na Rais Franklin Roosevelt akaanzisha Civilian Conservation Corps. Hadi inafungwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni tatu walikuwa wamepita humo wakipanda miti na kuchonga njia za hifadhini. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilikwenda moja kwa moja kwa wazazi nyumbani. Sisi tunaotuma pesa Goma na Kigoma kila mwisho wa mwezi tunaijua vizuri hesabu hiyo.

Siku hizi kijana wa hapa Marekani anayetaka kazi hizo, na anayetaka kulala hukohuko kazini, hujikuta mbele ya milango mitatu: kikosi cha serikali ya jimbo chenye mabweni (nitatumia California Conservation Corps), kituo cha Job Corps kilicho msituni, na vikosi vya mashirika vinavyolala kwenye mahema kwa utaratibu wa AmeriCorps, mpango wa serikali kuu wa kujitolea kwa posho. Binti yule alikuwa amekwama kati ya mitatu hiyo. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza mezani pale, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Mambo ya kupimia

Nitapima kila mlango kwa mambo matano. La kwanza ni karatasi: nani anapokelewa, kwa umri gani na kwa hadhi gani ya uhamiaji. Wengi wetu huliacha hili mwisho, kumbe ndilo linalofunga milango kabla hujachagua. La pili ni kitanda. Usiulize tu utalala wapi siku za kazi, uliza na siku za mapumziko. La tatu ni pesa, na hapa Kiswahili kinatusaidia, maana tunalo neno mshahara na tunalo neno posho, na kila mtu anajua si kitu kimoja. La nne ni kazi yenyewe, kuanzia asubuhi hadi jioni. La tano ni unachotoka nacho mkononi siku unaporudisha helmeti.

Nikiri mapema kwamba mimi nilifanya msimu mmoja wa hema nikiwa na miaka 22, katika kikosi ambacho sitakitaja. Nina mapenzi yangu na nina kinyongo changu. Msomaji aviweke vyote viwili kwenye mizani.

California Conservation Corps

Hii ni idara ya serikali ya jimbo la California, iliyoanzishwa mwaka 1976 chini ya Gavana Jerry Brown kwa kuiga ile ya Roosevelt. Kaulimbiu yake sijaona inayoishinda kwa ukweli: kazi ngumu, mshahara mdogo, mazingira ya taabu, na mengine zaidi! Mkurugenzi wake wa zamani B.T. Collins, aliyepoteza mkono na mguu katika vita vya Vietnam, alikunywa glasi ya dawa ya wadudu iliyozimuliwa kwa maji mwaka 1981, wakati jimbo lilipokuwa linapambana na nzi wa matunda, ili kuwatoa watu wasiwasi juu ya dawa hiyo. Usimwige, lakini utaona ni chombo cha watu wa namna gani.

*Karatasi.* Umri ni miaka 18 hadi 25, na aliyewahi kutumikia jeshi huongezewa hadi 29. Uwe mkazi wa California mwenye ruhusa ya kufanya kazi, na usiwe chini ya uangalizi wa mahakama. Ukiwa Lexington au Phoenix, mlango huu kwako haupo mpaka uhamie.

*Kitanda.* Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu wengi hujisajili kimakosa: baadhi ya vituo vina mabweni na vingine ni vya kwenda asubuhi na kurudi kwenu jioni. Ukiah, Fortuna na Camarillo ni miongoni mwa vyenye mabweni. Unashiriki chumba na wenzako, unakula kantini, na wikiendi kitanda chako kinakungoja. Mama wa binti yule alitaka kwanza akakione hicho kitanda. Tulikwenda naye. Alibonyeza godoro kwa kiganja mara mbili, akauliza choo cha wasichana kiko wapi na kinafungwa kwa ndani au vipi, kisha akauliza jikoni nani anapika. Hakuuliza neno lolote kuhusu misitu.

*Pesa.* Ni mshahara, wa kima cha chini cha jimbo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 16.50 kwa saa, maana yake wiki ya saa 40 ni dola 660 kabla ya makato. Makato yapo: kodi, na kwa anayelala bwenini, gharama ya chumba na chakula. Hata hivyo ukilinganisha na kodi ya chumba California, anayelala bwenini na asiye na mkono wa kutapanya anaweza kuweka akiba na bado akatuma nyumbani.

*Kazi.* Huichagui sana. Leo mnapunguza vichaka vinavyolisha moto, wiki ijayo mnapanda miti au mnatengeneza kijito ili samaki wapande, na mvua kubwa ikipiga mnajaza mifuko ya mchanga kuzuia mafuriko usiku. Baadhi ya vituo vina vikosi vya kuzima moto. Likitokea janga mnaondoka, hata kama ulikuwa na miadi ya daktari wa meno.

Humo ndani kuna tawi la pekee ambalo lingestahili makala yake: kazi za njia za milimani, lililoanza mwaka 1979. Kikosi kinaingia porini majira ya kuchipua na kutoka majira ya majani kupukutika, karibu miezi mitano au sita, katika hifadhi kama Yosemite na Sequoia. Chakula kinaletwa na nyumbu. Simu haishiki, na habari za nyumbani zinakuja kwa barua. Ukienda huko unarudi mtu mwingine, na ndugu zako watalalamika kwamba hupokei simu. Wote mnasema kweli.

*Mkononi.* Asiyemaliza sekondari anasomea cheti chake humohumo, kupitia shule za John Muir, na hii kwa wengi ndiyo faida kubwa kuliko mshahara. Anayemaliza mwaka anaweza kuomba ufadhili wa masomo. Mafunzo ya msumeno wa mnyororo, huduma ya kwanza na zimamoto yanatambuliwa na waajiri, na wengi wanaotoka huko wanaomba kazi CAL FIRE, idara ya zimamoto ya jimbo.

*Inamfaa* mkazi wa California anayehitaji mshahara na kitanda kwa pamoja, na asiyesumbuliwa na kupangiwa.

Kituo cha Job Corps kilicho msituni

Job Corps ni mpango wa serikali kuu, uliozaliwa mwaka 1964 wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Vituo vyake ni vingi na vingi viko mijini. Ninaozungumzia mimi ni vile vinavyoendeshwa na idara ya misitu ya serikali kuu, ndani ya misitu ya taifa na hifadhi au kando yake. Trapper Creek kiko Montana, Schenck kiko North Carolina, Wolf Creek kiko Oregon. Great Onyx kiko Kentucky, ndani ya hifadhi ya Mammoth Cave, mwendo mfupi wa gari kutoka Bowling Green ambako Waswahili wa Kongo ni wengi.

*Karatasi.* Umri ni 16 hadi 24, na kipato cha familia kiwe kidogo. La muhimu kwetu: mkimbizi anapokelewa, na aliyepewa hifadhi ya ukimbizi pia, bila kungoja grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Kwa familia iliyoteremka uwanja wa ndege miezi minne iliyopita, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

*Kitanda.* Bweni, chakula, na matibabu ya msingi, vyote bila malipo. Nauli ya kwenda pia hulipiwa. Sheria ni kali kuliko kwingine kote nitakakotaja: unapimwa dawa za kulevya unapoingia, ugomvi wa ngumi unakurudisha nyumbani, na kuna saa ya kuzima taa. Mzazi wa Kiswahili atafurahi. Kijana wa miaka 23 aliyezoea kuishi peke yake atahisi amerudishwa shule ya bweni, na hatakuwa amekosea.

*Pesa.* Posho, tena ndogo, ya sabuni na soksi. Anayetegemewa na wadogo zake kambini Nyarugusu asije na matumaini ya kutuma chochote.

*Kazi.* Siku imegawanyika kati ya darasa na karakana. Unachagua fani: useremala, uashi, uchomeleaji, upakaji rangi, upishi, na katika baadhi ya vituo uhifadhi wa misitu na zimamoto. Mazoezi yanafanyika kwenye kazi halisi za msitu, kwa mfano kukarabati nyumba ya walinzi au kujenga vyoo vya wageni hifadhini, na moto mkubwa ukizuka wanafunzi waliofunzwa huitwa, wengine kwenye moto wenyewe, wengine kupika na kuhudumia kambi za wazima moto. Kwa hiyo mapori yapo, ila yanakuja kupitia fani yako. Ukitaka kulala chini ya nyota kila siku, hapa utachoka na ubao wa darasani.

*Mkononi.* Cheti cha fani, cheti cha sekondari kama huna, mara nyingi na leseni ya udereva. Unakwenda kwa kasi yako hadi miaka miwili. Baadhi ya vituo vina masomo ya Kiingereza kwa wanaojifunza, uliza kituo chako. Nimeona vijana waliokuja hawawezi kuagiza chakula dukani wakatoka wanabishana na msimamizi kuhusu vipimo vya mbao.

*Inamfaa* kijana ambaye bado hana cheti, hana fani, au hana grinikadi, na anayeweza kuishi mwaka mzima bila mshahara.

Vikosi vya hema vya AmeriCorps

Hapa hakuna chombo kimoja. Kuna mashirika mengi, kila moja na eneo lake: Montana Conservation Corps, Utah Conservation Corps, Arizona Conservation Corps, Northwest Youth Corps ya Oregon na mengine. Kongwe kati ya mashirika ya aina hii ni Student Conservation Association, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Elizabeth Titus Putnam, ambaye wazo lake lilianza kama tasnifu ya chuo. Mashirika haya yanaajiri kwa misimu, na mengi huwaandikisha vijana wao AmeriCorps.

*Karatasi.* AmeriCorps inataka uraia au grinikadi. Hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi. Sheria inamtaka mkimbizi aombe grinikadi baada ya mwaka mmoja nchini, na maombi hayo nayo huchukua muda wake, kwa hiyo hesabu miezi kabla ya kujaza fomu. Umri kwa kawaida huanzia 18 na hakuna dari kali kama kwa wenzao, ingawa mashirika mengi hutafuta walio chini ya miaka 30.

*Kitanda.* Hema. Utaratibu wa kawaida ni siku nane porini na siku sita za mapumziko. Siku nane hizo unalala chini, unapika kwa zamu na wenzako kwa jiko la gesi, na choo ni shimo la kina cha shubiri unalochimba mwenyewe mbali na maji. Hayo yote niliyazoea ndani ya wiki mbili. Sikuzoea zile siku sita. Kikosi changu hakikutoa nyumba ya mapumziko, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi niliyotia saini bila kuisoma, na mimi sikuwa na gari wala ndugu katika mji ule. Nililala kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwenzangu msimu mzima, nikioga kwenye bwawa la kuogelea la manispaa kwa dola chache. Mashirika mengine yana nyumba. Uliza kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

*Pesa.* Posho, inayokaribia kukutosha ukiwa porini na isiyokutosha ukiwa mjini. Uzito wake uko mwishoni: tuzo ya masomo ya AmeriCorps. Kwa saa 1,700 za utumishi mwaka 2025 ilikuwa dola 7,395, na kwa saa 900 nusu yake. Ukifanya siku nane za saa kumi kumi, saa 80 kila majuma mawili, saa 900 ni zaidi kidogo ya miezi mitano. Pesa hiyo inalipwa chuoni au kwenye mkopo wa masomo, haipiti mkononi mwako, unayo miaka saba ya kuitumia, na inahesabiwa kodi ya mapato mwaka unapoitumia. Jambo la kodi huwashtua watu kila mwaka.

*Kazi.* Hapa nitakaa kidogo.

Kifaa cha mpini mrefu kwenye ile picha kinaitwa Pulaski: upande mmoja shoka, upande wa pili jembe. Kimepewa jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu aliyewaokoa watu wake kwa kuwaingiza katika handaki la mgodi kule Idaho, moto mkubwa wa mwaka 1910 ulipowazingira. Utakishika mpaka viganja vigeuke gome. Kwenye mapori yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, mashine za injini kwa kawaida haziruhusiwi, hivyo gogo lililoangukia njia linakatwa kwa msumeno wa watu wawili. Kanuni yake ni kwamba unavuta, husukumi. Unavuta, unalegeza mkono, mwenzako anavuta. Ukisukuma bamba linapinda na kukwama, na mwenzako anakutazama tu.

Wiki yangu ya kwanza nilipewa jiwe moja. Lilitakiwa likae mshazari kwenye njia ya mteremko ili maji ya mvua yatoke pembeni yasichimbe korongo. Nilichimba, nikaliviringisha kwa mtaimbo, nikalisimamisha, nikashindilia udongo. Kiongozi wetu, msichana mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, alipanda juu yake kwa mguu mmoja akacheza kidogo. Likatikisika, kiasi cha unene wa kucha. Akasema litoe. Nililitoa mara tatu. Saa nne ziliishia kwenye jiwe moja, na jioni nilimpigia simu mama, mahali pekee palipokuwa na mtandao, juu ya kilima, nikamwambia nimejenga jiwe. Akaniuliza unajengaje jiwe. Miaka kadhaa baadaye nilipita njia ile na watoto wangu, nikalikanyaga.

*Mkononi.* Tuzo ya masomo, ujuzi, na kwa miradi ya ardhi za umma, jambo ambalo wengi hawaambiwi: kijana anayetimiza saa 640 kwa masharti yaliyowekwa anaweza kwa miaka miwili kuomba baadhi ya kazi za serikali kuu kwa njia iliyo nyepesi kuliko ya watu wa nje. Sasa sikiliza: kazi nyingi za serikali kuu, zikiwemo za walinzi wa hifadhi na wazima moto wa misitu ya taifa, zinataka uraia. Ukiwa na grinikadi unaweza kutimiza saa zote na ile miaka miwili ikaisha kabla hujaapishwa kuwa raia. Panga msimu wako karibu na tarehe ya uraia kama lengo lako ni hilo.

*Inamfaa* aliyemaliza sekondari, mwenye mahali pa kurudi siku za mapumziko, na anayeelekea chuo.

Swala, chakula na Ramadhani

Sijaona fomu yoyote inayouliza haya, na sisi huyauliza tukiwa tumeshafika. Kantini za mabweni zimezoea watu wasiokula nguruwe, lakini nyama halali ni jambo la kuuliza kituo kwa kituo. Kwenye hema mnapika wenyewe kutoka mfuko mmoja wa chakula, hivyo ukisema siku ya kwanza, kikosi kizima kitakula wali na maharage bila nongwa. Ila maharage juu milimani hayaivi upesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yaloweke tangu asubuhi, au beba dengu. Kufunga huku unachimba juani siku nzima ni uamuzi wa kuzungumza na kiongozi mapema, na wengine huchagua msimu usiogongana na Ramadhani.

Upepo wa siasa

Mwezi Aprili 2025 serikali kuu ilikata ruzuku nyingi za AmeriCorps, na vijana wa NCCC, tawi lake la kuishi kambini, walirudishwa nyumbani kabla ya muda wao. Mwezi uliofuata wizara ya kazi ilitangaza kusimamisha vituo vya Job Corps vinavyoendeshwa na makampuni, mahakama ikaingilia. Vile vya idara ya misitu havikuwa kwenye tangazo hilo, ingawa mwaka 2019 baadhi yake vilipangiwa kufungwa kabla ya mpango kuondolewa. Kikosi cha California kinategemea bajeti ya jimbo, nayo ina misimu yake. Piga simu wiki ya kuomba na tena wiki ya kusafiri, wala usivunje mkataba wa nyumba kabla ya kupata jibu la pili.

Kwa hali yako

Kama umefika karibuni kama mkimbizi na grinikadi bado, mlango ulio wazi kwako ni Job Corps, na kwa mkazi wa California mwenye ruhusa ya kazi, kile kikosi cha jimbo. Hema lisubiri. Kama una miaka 16 au 17, kati ya hii mitatu ulio wazi zaidi kwako ni Job Corps.

Kama hukumaliza sekondari na uko California, swali ni nani anakutegemea. Ukiwa huna mzigo, fani ya Job Corps itakaa nawe muda mrefu. Ukiwa na mama anayengoja pesa kila mwezi, nenda kwenye mshahara, cheti utakisomea hukohuko.

Kama unatoroka nyumba isiyokalika, usiende kwenye hema lisilo na nyumba ya mapumziko. Nasema hivi kwa ukali, najua kiti cha nyuma cha gari kinavyokuwa mwezi wa kumi. Chagua bweni lenye kitanda siku saba.

Kama una cheti, una pa kurudi, na chuo kiko mbele yako, hema litakupa tuzo na mwili mpya kwa miezi sita. Aliyepita miaka 25 naye karibu milango yote iliyobaki kwake ni ya hema.

Kama ndoto yako ni zimamoto na tayari u raia, hema kwenye ardhi za umma na bweni la California vyote vinafika, kimoja kwa serikali kuu na kingine kwa jimbo. Kama uraia bado, angalia zaidi upande wa jimbo, na usome masharti ya kila tangazo la kazi mstari kwa mstari.

Na kama ni mzazi unayesoma hii kwa niaba ya mtoto, mnunulie buti za ngozi mwezi mmoja kabla, azivae kwenda dukani, kanisani au msikitini, hadi kisigino kikubali. Mimi nilizivua kwenye boksi siku ya kwanza ya kazi, na siku ya tatu nilikuwa nimekaa juu ya gogo miguu imefungwa plasta, nikiwapikia wenzangu walioenda kuchimba.